Subaru ya Baba Haiuzwi

Jumamosi, 7 Juni

Baba anauza gari. Ametangaza leo mchana, tonge likiwa mkononi. Maneno yalikuwa machache, kama ilivyo kawaida yake akiwa nyumbani: Subaru inauzwa, tunachukua kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Kisha akasogeza bakuli la mlenda karibu yake.

Mama alisema afadhali. Shangazi Veneranda, dada yake Baba, ambaye huja kula kwetu kila Jumamosi, alisema afadhali mara mbili. Kwa maoni yake, gari lile ni la kijana anayetafuta mke, si la mzee Masolwa mwenye mke na mvi.

Naandika nikiwa ndani ya gari lenyewe, uani. Ni la buluu. Lina turbo. Lina mgongo mrefu wa kubebea mizigo, na likiwashwa kuku wa jirani hujificha. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, mimi nikiwa darasa la kwanza. Hapa Ipuli vijana wa bodaboda hulisalimia gari kwanza, halafu Baba.

Sababu za kuuza ninazielewa. Baba hununua asali kwa warina asali wa Ulyankulu na kuileta dukani kwake mjini. Subaru imekaa chini sana. Wiki iliyopita ilipanda kisiki, ndoo ikapinduka, na sasa zulia la nyuma linanata.

Lakini kuna jambo ambalo watu wazima hawalijui. Nyumbani Baba anaweza kuimaliza jioni nzima kwa "ehe" mbili. Akishika usukani wa Subaru, anaongea. Humu ndimo nilimojua kwamba aliwahi kuwa golikipa, na kwamba anaogopa popo. Mama hajui habari ya popo. Gari likiondoka, Baba naye ataondoka, ingawa ataendelea kukaa mezani na kula mlenda.

Nilimweleza Zabibu, jirani yangu, ambaye pia tuko naye kidato cha pili. Alisema kirikuu ni friji iliyofungwa magurudumu. Kwao wana gari aina ya Noah. Nilimjibu kwa adabu kwamba friji ni kitu cha maana katika familia. Jibu hilo halikunifurahisha hata mimi.

Azimio: gari halitauzwa. Masharti: sitasema uongo, na sitamvunjia mkubwa yeyote heshima. Kwa masharti haya naamini Mungu atakuwa upande wangu.

Jumapili, 8 Juni

Mteja wa kwanza alikuja baada ya misa. Bwana Gerson, mwenye duka la mabati kule Mtendeni. Shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama.

Mpango wa kwanza ulikuwa Ukweli. Nani atanunua gari ambalo ameambiwa ubaya wake wote? Nilisimama kando ya mlango, nikampa shikamoo, nikaanza. Kwamba dirisha la nyuma kushoto halishuki tangu Shangazi alipolifunga kwa hasira. Kwamba chini kuna kovu la kisiki. Kwamba linapenda mafuta kuliko sisi tunavyopenda nyama. Kwamba siku za joto linanukia asali, na siku za baridi pia.

Bwana Gerson alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Baba na kusema kwamba amenunua magari katika nyumba nyingi, na hii ndiyo ya kwanza kuambiwa ukweli. Mtu anayemlea mtoto hivi, alisema, hawezi kuwa amelilea gari vibaya. Analichukua leo leo.

Nilishika mlango wa gari.

Aliyeniokoa ni Baba. Alimwomba mteja aliwashe. Bwana Gerson aliliwasha na papo hapo akakanyaga mafuta kwa nguvu, injini ikiwa bado ya baridi. Gari likapiga kelele. Baba akapitisha mkono dirishani, akazima, akachomoa ufunguo, akasema bei imepanda. Mteja akauliza imepanda lini. Baba akasema sasa hivi.

Mama alikuwa akianika nguo. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa kina Zabibu kwamba hajui kama mume wake anauza gari au anamwoza binti.

Mpango wangu ulishindwa, lakini nimepata tumaini. Baba naye hataki.

Jumanne, 10 Juni

Mateso.

Shangazi Veneranda alisema kama Baba hawezi kutafuta mteja mpole, yeye atamleta. Akamleta mwalimu wa kwaya ya parokia yao, mtu mwembamba ambaye hata kukanyaga ardhi anakanyaga kwa huruma. Nilijua Baba hatapata kosa kwake.

Kwa hiyo jana nilikuwa nimeandaa mpango wa pili. Nilichukua masega mabichi kwenye ndoo za Baba, nikayaweka chini ya kiti cha mbele, nikaacha madirisha wazi, isipokuwa lile la Shangazi. Nilijiuliza kama huo ni uongo. Nikaona hapana. Masega ni ya kweli, na nyuki wana uhuru wao.

Walikuja wengi kuliko nilivyowaalika.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mteja ndiye angeingia kwanza. Aliyeingia ni Shangazi, ili amwonyeshe mwalimu jinsi kiti kilivyo laini. Akakikalia. Sikuwahi kujua kwamba Shangazi, na mwili wake wote, anaweza kuruka uzio wa michongoma bila kuugusa. Mwalimu wa kwaya alikimbilia barabarani kwa sauti ambayo, Zabibu anasema, hata akina mama wa sauti ya kwanza hawaifikii.

Baba alileta kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, akakiwasha, akaingiza moshi taratibu hadi nyuki wakatoka. Hakuumwa hata mara moja. Kisha akainama chini ya kiti, akayatoa yale masega. Akaniangalia. Akayatafuna.

Hakusema neno. Lakini tulikuwa nje ya gari, kwa hiyo sikutegemea.

Shangazi ana uvimbe sehemu ambayo hawezi kuionyesha zahanati bila kueleza ilivyokuwa. Mama amesema kuanzia leo lile si gari, ni mzinga, na kirikuu ipatikane wiki hii hii. Yaani nimeisogeza karibu siku ya kuuza nikidhani naizuia.

Alhamisi, 12 Juni

Tulikwenda Nzega kuitazama kirikuu. Mama alitaka niende ili Baba asirudi na Subaru nyingine. Ananiamini. Iliniuma kidogo.

Barabarani Baba aliongea. Mashamba yalikuwa yamevunwa na lami ilikuwa tupu mbele yetu. Alisema warina asali wa Ulyankulu wamemwambia waziwazi: msimu huu kuna mfanyabiashara mwingine mwenye gari la mizigo, anafika hadi porini, anachukua ndoo zote kwa mara moja. Baba anachukua chache, zilizobaki zinasubiri juani. Mmoja wao, mzee Jonasi, alimwomba radhi huku akimwambia. Hilo ndilo lililomwumiza Baba, kuombwa radhi. Akiwapoteza wale wazee, alisema, hana biashara nyingine, na mikono ya kudaka mipira imeshazeeka.

Sasa najua kwamba gari lazima liuzwe. Sijui kama ninaweza kukubali jambo ninalolijua.

Kirikuu ni nyeupe. Uso wake umebamizwa kama umegonga ukuta ukiwa kiwandani. Niliomba kimoyomoyo isiwake. Iliwaka mara moja, bila aibu. Tuliijaribu, Baba, mwenye gari na mimi, tumebanana kama dagaa. Nilihesabu maneno ya Baba katika safari ile nzima. Hakukuwa na cha kuhesabu. Alishika ule usukani mdogo, akatazama mbele kama mtu aliye kwa kinyozi.

Hilo ndilo nililoliogopa.

Baba akakubaliana na mwenye gari. Subaru ikishapata mnunuzi, atarudi kuichukua kirikuu.

Ijumaa, 13 Juni

Fundi wa Baba amepata mteja. Anaitwa Bwana Chiwanga, anachimba visima, yuko kazini huku na kwao ni Dodoma. Anakuja kesho. Fundi anasema ni mtu mtaratibu na anazijua Subaru.

Nilikuwa nimekata tamaa. Halafu Shangazi, akiwa amekalia mito miwili, akasema bila kukusudia jambo kubwa. Alisema: "Mgogo huyo? Basi ni mtani wetu."

Tulifundishwa shuleni. Enzi za misafara, babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi, wakibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi pwani. Walipofika Ugogo walikuwa na kiu, na wenye visima walikuwa Wagogo, na maji hayakuwa ya bure. Wakagombana, wakapatana, na ugomvi ukabaki kuwa utani hadi leo. Mtani hamkasirikii mtani, hata kama mmoja ni mtoto na mwingine ana mvi.

Nimeona mlango umefunguka. Naweza kumtukana mkubwa bila kumvunjia heshima! Nitamtukana hadi aone haya kupanda gari letu. Masharti yangu yote mawili yanabaki salama.

Nimeandaa matusi. Nimeyapanga kuanzia mepesi.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Bwana Chiwanga alifika asubuhi, mrefu, buti zina udongo, kofia mkononi. Nilimpa shikamoo kwa magoti, maana utani hauondoi adabu. Akaitikia marahaba. Nikasimama. Nikaanza.

Nilimwambia hili gari linakunywa sana, na kwao hata mbuzi hunywa kwa zamu, sasa atalinywesha nini? Nikamwuliza kama anataka gari kweli au anatafuta kivuli cha kulala chini yake. Nikamwomba ajikung'ute vumbi kabla ya kukaa, kwa kuwa viti hivi vimezoea binadamu.

Mama aliangusha sufuria. Baba alikodoa macho.

Bwana Chiwanga alinitazama kutoka juu hadi chini. Kisha akawauliza watu wa kwetu, kwa upole, mpagazi huyu mfupi ni wa nani. Alisema alidhani Wanyamwezi wamekwisha, kumbe wameacha mbegu. Alisema babu yake alimsimulia kwamba Mnyamwezi akikosa mzigo wa kubeba kichwani hulia kama mtoto, ndiyo maana shingo zetu ni fupi hadi leo. Na kuhusu gari, hakuja kulinunua. Amekuja kulichukua. Ni malipo ya maji tuliyokunywa tukatoroka gizani.

Shangazi akainuka kwenye mito yake. Akamwambia maji yenyewe yalikuwa na chumvi, na babu zetu wanasubiri fidia ya matumbo. Bwana Chiwanga akasema matumbo ya Wanyamwezi hayaharibiwi na maji, yanaharibiwa na viazi. Shangazi akacheka hadi akasahau, akakaa kwa nguvu, akainuka tena.

Na Baba akacheka. Sijawahi kuisikia sauti ile ndani ya nyumba yetu. Akavuta kiti. Akamwita Bwana Chiwanga mwizi wa visima. Wakanywa chai. Baba akaongea! Nyumbani, nje ya gari, mezani! Alimsimulia mtani habari za ugolikipa na hata za popo, na Mama akasimama mlangoni na mwiko, akisikiliza kama vile mgeni ni Baba.

Mchana walikwenda kuliwasha gari. Bwana Chiwanga aliliwasha, akaondoa mguu kabisa, akasikiliza injini ikipata joto yenyewe, akiwa ameinamisha kichwa. Baba alimtazama muda wote huo. Kisha akanyoosha mkono, wakapeana. Hata bei hawakuvutana. Baba alisema gari likienda kwa mtani linakuwa limeolewa, halijapotea.

Kwa hiyo gari limeuzwa, na nimeliuza mimi. Bwana Chiwanga amesema kama si yule mpagazi mfupi angefikiria kwanza. Zabibu alikuwa amesimama nyuma ya uzio na alisikia yote.

Jumapili, 15 Juni

Nilikuwa na jambo moja la mwisho. Kwa sheria ya utani, mtani akikunyang'anya kitu huwezi kukidai kwa ukali. Unakikomboa. Asubuhi Bwana Chiwanga alipokuja na mfuko wake kuondoka na gari, aliuweka ufunguo juu ya boneti ili afunge kamba ya buti. Nikauchukua. Nikaingia kwenye gari, nikakaa kiti cha dereva, nikatangaza kwamba nimeteka.

Mama alifunika uso kwa kanga. Lakini Shangazi, anayeyajua mambo ya utani kuliko wote, alitoa hukumu palepale: mtoto ameteka kihalali, ataje ukombozi.

Bwana Chiwanga akainama dirishani. Akaniuliza nataka nini.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimefikiria mbele ya hapo. Nilisema nataka gari libaki. Shangazi akasema hapana, ukombozi ni kitu kidogo cha kurudisha kitu kikubwa, haiwezekani ukombozi ukawa kitu chenyewe. Wote wakanisubiri. Nilikuwa na jibu la kweli, kwamba namtaka Baba yule wa humu ndani, lakini nani anaweza kusema hivyo mbele ya Baba mwenyewe na mchimba visima?

Nikasema nataka safari ya mwisho. Akienda kwao apitie Nzega, Baba aendeshe, na mimi niwemo.

Bwana Chiwanga alisema ni mzunguko, lakini sheria ni sheria. Mama akampa Baba fedha za kirikuu zilizofungwa kwenye kitenge, nikaurudisha ufunguo, tukaondoka. Nilikuwa na furaha hadi nilipoona nani anakaa mbele.

Watani walikaa mbele. Mpagazi alikaa nyuma, kwenye zulia linalonata. Waliongea njia nzima, wakatukanana kutoka Ipuli hadi Nzega, na Baba aliendesha vizuri kuliko siku zote. Mimi nilipata sentensi moja. Baba aliniuliza kama mlango wangu umefungwa.

Pale Nzega gari liliondoka na Bwana Chiwanga. Tulisimama hadi sauti yake ikaisha. Baba alivua kofia, akaivaa tena.

Kisha tukaingia kwenye kirikuu. Magoti yangu yalikuwa karibu na kidevu. Kimya. Tukatoka mjini, kimya. Lori likatupita. Basi likatupita. Mtu wa baiskeli, peku, mwenye gunia la mkaa, alikaa sambamba nasi kwenye mteremko, akatupa salamu, akatupita pia. Nikageuza uso dirishani ili Baba asione macho yangu.

Baada ya Puge Baba akakohoa. Akasema yule wa baiskeli amemkumbusha viatu.

Alipokwenda kumposa Mama, hakuwa na viatu vya heshima. Akaazima kwa rafiki. Rafiki naye alikuwa ameviazima. Mama alipotoka kusalimia wageni, akaangalia chini, akaviona viatu vya kaka yake mwenyewe. Akakataa posa. Nikauliza ikawaje. Baba akasema tulia, bado tuko mbali. Akaeleza jinsi alivyorudi wiki iliyofuata peku, kwa miguu, na njia nzima watoto wakimfuata, na nani alimpa maji, na mbwa gani alimfukuza, na Mama alicheka wapi hasa. Ni hadithi ndefu. Sijawahi kuisikia. Subaru ilikuwa ikifika nyumbani kabla hadithi kama hiyo haijavaa viatu.

Tulifika Ipuli jua likizama. Baba alizunguka mtaa mara moja zaidi ili amalize.

Zabibu alisema friji imefika. Sikumjibu. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Jumatano, 18 Juni

Jana kirikuu ilikwenda Ulyankulu na kurudi na ndoo zote za mzee Jonasi na wenzake. Hakuna iliyopinduka. Yule mfanyabiashara mwingine alikuta hakuna ndoo. Mama anaimba jikoni. Shangazi anakaa kwenye kiti cha kawaida.

Ningekuwa na furaha kamili, lakini leo mchana Baba ametangaza, tonge likiwa mkononi, kwamba kazi imekuwa nyingi na anatafuta dereva wa kirikuu. Yeye atabaki dukani akipima asali. Dukani, ambako husema "ehe".

Mama alisema afadhali. 

Nimekaa na jambo hili tangu mchana, nikalitafakari kwa utulivu kama tulivyofundishwa. Mipango yangu iliyopita haikuwa na kasoro kubwa. Ukweli ulikuwa mzuri, uliharibiwa na tabia njema ya msikilizaji. Nyuki walifanya kazi yao. Na utani ulikuwa mpango bora kuliko yote, isipokuwa matusi yangu yalikuwa mepesi mno.

Dereva wa kwanza anakuja kesho asubuhi kuzungumza na Baba. Nimeuliza. Ni Mzaramo. Shangazi anasema Wazaramo nao ni watani wetu, wa njia ile ile ya misafara, upande wa pwani, na kwamba hawa ndio wakali hasa.

Nimeandaa matusi mazito. Nimeyapanga kuanzia la katikati. Huyu hawezi kukubali kazi.